Hadidiski Mpya, CD Hakuna

"Shikamoo mjomba. Fundi amesema laptopu inataka hadidiski mpya, ila nitafute kwanza CD ya Windows iliyokuja nayo, la sivyo haitawaka tena. Naipata wapi?"

Aliyeandika ni mpwa wangu, yuko chuo mwaka wa pili. Laptopu yenyewe ni ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, aliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu huko ng'ambo. Stika yenye namba ya mali ya ofisi hiyo bado imeng'ang'ania kwenye mfuniko. CD haikuja nayo. Hata begi haikuja nalo. Ukiiwasha asubuhi unaweza kubandika chai, ikachemka, ukainywa, ukirudi bado inazungusha vidoti vyake. Ukitega sikio karibu na pale unapopumzisha viganja unaisikia: tki, tki-tki, tki.

Nilimjibu asitafute CD yoyote na asimwachie mtu mashine. Sababu zikanishinda kuzieleza kwa ujumbe mmoja, maana katika sentensi ile ya fundi yamefungwa mambo matatu fundo moja, na kila jambo lina jibu lake.

Fundi hakuwa anadanganya. Alikuwa anakumbuka. Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, kila fundi alitembea na mfuko wa CD zilizoandikwa kwa kalamu ya maka, zimechubuka mpaka unajiuliza zinasomekaje. "Kupiga Windows" kulimaanisha kuingiza CD na kusubiri. Ilipotoka Windows Vista mwaka 2007 CD ikawa DVD. Watengenezaji wa laptopu nao walikuwa wameshaanza kubana matumizi: badala ya kukupa sahani, wanakuwekea nakala ya mfumo kwenye patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, iliyofichwa ndani ya hadidiski ile ile. Kwa mnunuzi wa mashine mpya hilo halikuwa na shida. Kwa sisi wa mtumba lina shida mbili. Hadidiski ikifa, nakala inazikwa nayo. Na wale wanaosafisha mashine za ofisi kabla ya kuziuza huifuta patisheni hiyo pamoja na vingine vyote. Kwa hiyo laptopu inafika mikononi mwako haina sahani wala patisheni, lakini inawaka, ina Windows, na kila mtu anadhani mahali fulani kuna CD iliyopotea.

Sasa tufungue fundo. Tukisema "Windows" tunachanganya vitu vitatu. Kuna mafaili ya mfumo, ambayo hayana upekee wowote: yaliyo kwenye mashine yako na yaliyo kwa jirani yako ni yale yale. Kuna kiwashio, kipande kidogo cha diski ambacho mashine hukisoma kwanza ili ijue mfumo umekaa wapi. Na kuna ruhusa, yaani leseni, inayosema mashine hii imelipiwa. CD ilikuwa punda tu. Ilibeba mafaili na kukiweka kiwashio mahali pake. Leseni haikukaa ndani yake. Ilikuwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi au kwenye stika.

Kiwashio ndicho kinachowaumbua watu wengi. Nimeona mtu kaunganisha diski mpya kwa kebo ya USB, kaburuta kila kilichomo kwenye C mpaka cha mwisho, kafunga mashine kwa furaha, na kilichomkaribisha ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi: hakuna diski ya kuwashia. Mafaili yote yalikuwepo. Kilichokosekana hakionekani kwenye dirisha la mafaili. Kwenye diski zilizopangwa kwa mtindo wa zamani, ule wa MBR, kiwashio kimeanzia kwenye sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512 tu. Kati ya hizo, 446 ni maelekezo ya kuanzia, 64 ni orodha ya patisheni zisizozidi nne, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hii ni ya kuwashia. Umeburuta mamilioni ya mafaili, umesahau baiti 512. Mashine mpya zaidi zinazotumia UEFI, mtindo mpya wa kuwasha, hazisomi sekta hiyo. Zinatafuta patisheni ndogo, mara nyingi ya MB 100, yenye faili la kuwashia ndani yake. Nayo imefichwa, nayo haiburutiki.

Ruhusa ndiyo iliyokuwa ikimtia mpwa wangu hofu. "Nikitoa hadidiski si naondoka na Windows niliyolipia?" Hapana, na hapa ndipo nafuu ilipo. Laptopu za Windows 7 zilikuwa na stika ya ufunguo, chini ya laptopu au ndani ya tundu la betri, na kwa nyingi wino umeshafutika. Tangu Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, watengenezaji walianza kuuchoma ufunguo ndani ya chipu iliyoko kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Windows 10 ilipokuja mwaka 2015, kumbukumbu ya leseni ilihamia kwenye seva za Microsoft, ikifungamanishwa na mashine yenyewe, hasa mazabodi yake. Diski ni mpangaji tu kwenye nyumba hiyo. Ukimbadilisha mpangaji, hati ya nyumba haiguswi. Ukibadilisha mazabodi, hapo ndipo maneno yanapoanza.

Thibitisha kabla ya kufungua skrubu yoyote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Kikitokea kisanduku kinachosema mashine imeamilishwa daima, lala usingizi. Kikikutajia tarehe ya kuisha, ujue leseni hiyo ni ya aina ya ofisi kubwa, inayohitaji kuhuishwa kila baada ya siku 180, na kwa mashine ya dukani hiyo karibu kila mara ni dalili ya kufuli lililovunjwa. Ukipiga Windows upya, hiyo haitarudi. Ni vizuri kulijua hilo wakati bado una risiti na muuzaji bado anapokea simu. Kuna mlango mmoja umeshafungwa: kwa miaka mingi ufunguo wa Windows 7 au 8 ulikubalika kuamilisha Windows 10, lakini Septemba 2023 Microsoft walitangaza kwamba njia hiyo basi. Mashine iliyoingia kabla imeshaingia. Ya mpwa wangu ilikuwa ndani.

Swali lililofuata alilileta yeye mwenyewe, na ni la haki: kwa nini tubadili hadidiski na si kuongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda, kama rafiki zake walivyomshauri?

Rudi kwenye ile tki-tki. Hadidiski ya kawaida ya laptopu ina sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Ukiomba faili, mkono wenye kichwa cha kusomea lazima uende kwenye njia yake, kisha usubiri sehemu unayoitaka ifike chini yake. Jumlisha safari ya mkono na nusu mzunguko wa kusubiri, unapata kama milisekunde 15 hadi 20 kwa kila ombi. Maana yake diski inamudu maombi 60 hivi kwa sekunde yakiwa yametapakaa huku na huko. Windows ikiwaka inafungua maelfu ya mafaili madogo yaliyotapakaa. Piga hesabu mwenyewe, utaona chai inavyochemka. SSD, diski ya chipu tupu ambayo ndiyo tuliyotaka kuiweka, haina mkono wala sahani. Inajibu ombi kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja, hivyo inamudu maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana wauzaji wakitangaza MB 500 kwa sekunde mimi siwasikilizi sana. Kasi hiyo ni ya kuhamisha filamu moja ndefu. Kinachoifufua laptopu kuukuu ni hayo maombi madogo madogo. RAM ni nzuri pia, na T430 inabeba hadi GB 16, lakini ukiongeza RAM ukaacha sahani ile ile, chai bado itachemka.

Tulipoipima diski ya zamani kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure, ilionyesha rangi ya njano. Usiishie kwenye rangi. Tazama mistari mitatu: 05 ni sekta zilizoharibika zikahamishwa, C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, na 09 ni saa ambazo diski imewaka tangu izaliwe. Tahadhari moja ndogo: tarakimu za mwisho wa mistari hiyo programu huziandika kwa mfumo wa kumi na sita, zikiwa na herufi ndani yake, kwa hiyo usizimie ukiona 4E20, hiyo ni elfu ishirini. Yetu ilikuwa na sekta chache kwenye C5. Diski ya namna hiyo bado inasomeka leo. Kesho ni bahati nasibu. Tukanakili kazi zake za chuo kwanza, siku hiyo hiyo, kabla ya mengine yote.

Kununua SSD kwenyewe ni soko la kukaa macho. T430 inachukua ya plagi ya SATA, ya inchi 2.5, nene milimita 7. Usiuziwe M.2, ile nyembamba kama jojo, kwa sababu tu ndiyo iliyobaki dukani. Kwenye mashine hii haina pa kukaa. Halafu kuna feki, zinazojitangaza TB 1 huku ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya. Ukiandika mafaili inapokea kwa adabu, ikijaa inaanza kuyaandika mapya juu ya ya zamani bila kukuambia. Programu ya H2testw inaijaza diski yote kisha inaisoma upya kuhakiki; inachukua muda lakini haina upendeleo. Ya mpwa wangu ilikuwa ya GB 240. Windows inaiandika 223, na hilo si wizi: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Hadidiski ya GB 500 nayo husomeka 465 kwa sababu hiyo hiyo.

Njia za kuhama ni mbili. Unaweza kurudufu diski nzima, baiti kwa baiti, kiwashio na vyote. Au unaweza kupiga mfumo upya kutoka kwenye flashi. Zote mbili hazihitaji CD.

Kurudufu kunavutia kwa sababu unakuta kila kitu ulipokiacha, mpaka picha ya ukutani. Unahitaji kebo ya USB kwenda SATA, ambayo maduka ya kompyuta wanayo, na programu: Clonezilla ni ya bure, na watengenezaji wengi wa SSD hutoa yao. Kikwazo cha kwanza ni ukubwa. Clonezilla inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa kuliko hiyo, na hapa tulikuwa tunatoka GB 500 kwenda 240. Lazima kwanza upunguze patisheni ya C kwa kutumia diskmgmt.msc, programu ya Windows ya kupangia diski, na mara nyingi Windows inakataa kuipunguza kwa sababu kuna faili limekaa mwishoni halitaki kusogea. Faili hilo kwa kawaida ni la kulaza mashine. Amri ya powercfg /h off inaliondoa. Kikwazo cha pili ni BitLocker, kufuli la siri la Windows: kama diski imefungwa kwa siri hiyo, izime kwanza au hakikisha una ufunguo wa kuirejesha, la sivyo utarudufu boksi lisilofunguka. Cha tatu ni sekta mbovu. Ikikutana nazo, kazi inakatika katikati, na hapo unahitaji ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo ni somo lake peke yake. Umeme ukikatika wakati wa kurudufu si msiba, maana diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi, utaanza upya. Ukikatika wakati wa kupunguza patisheni, huo ni msiba. Betri nyingi za mtumba zinashika dakika kumi, kwa hiyo usianze kazi hiyo siku ya mgao.

Mimi kwa laptopu ya mtumba sirudufu. Si kwa sababu ya ugumu. Sijui aliyeipiga Windows ile ni nani, alitumia faili gani, na alipachika nini pembeni ili ionekane imeamilishwa. Ukirudufu unahamisha nyumba pamoja na kunguni wake. Laptopu uliyoitumia mwenyewe tangu ikiwa mpya, sawa, rudufu. Hii, hapana.

Flashi basi. GB 8 au zaidi, iliyo tupu, maana itafutwa yote. Kwenye kompyuta yoyote yenye Windows unafungua tovuti ya Microsoft, unapakua programu yao ya kutengenezea flashi, inashusha mfumo na kuupanga yenyewe kwenye flashi mpaka uwake. Ni bure, ni halali, na haikuulizi ufunguo. Gharama ni bando. Faili zima la ISO la Windows 10, yaani sahani nzima iliyogeuzwa faili moja, linazidi GB 5, kwa hiyo tulisubiri bando la usiku. Unaweza kulishusha kwa simu pia: ukiufungua ukurasa ule ule kwa kivinjari cha simu, unakupa ISO moja kwa moja badala ya ile programu. Lakini angalia kadi ya simu. Kama imefomatiwa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4, na upakuaji utafia njiani usiku wa manane huku bando limeshaliwa. Nayasema haya kwa uchungu. ISO ikishafika kwenye kompyuta, programu iitwayo Rufus inaihamishia kwenye flashi.

Rafiki akikuletea ISO yake kuokoa bando, mshukuru, kisha ihakiki. Andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, na ulinganishe mstari unaotoka, ambao ni kama alama ya kidole ya faili, na ule uliochapishwa na Microsoft kwenye ukurasa wao. Herufi moja ikitofautiana, irudishe kwa mwenyewe. ISO zinazozunguka mitaani zikiwa "zimeshapunguzwa uzito" ndizo zinazowafikisha watu kwa fundi mara ya pili.

Jambo jingine kabla ya bisibisi: ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe. Kwenye ThinkPad unabonyeza F1 mara inapowaka. Mashine za ofisi wakati mwingine huja na nenosiri la msimamizi ambalo aliyeliweka yuko Ulaya na ameshastaafu, na kwenye ThinkPad nenosiri hilo haliondoki kwa kuchomoa betri ndogo. Kama nenosiri hakuna, tazama mambo mawili. Kwenye mipangilio ya SATA pawe AHCI. Kwenye namna ya kuwasha, T430 inakupa UEFI, mtindo wa zamani, au vyote viwili. Chagua UEFI, na flashi nayo uitengeneze kwa UEFI. Flashi ya mtindo mmoja kwenye mashine iliyofungiwa mtindo mwingine haitaonekana kabisa, na hapo ndipo watu husema flashi imekufa.

Kuifungua kulimshangaza mpwa wangu kwa urahisi wake. Alidhani tutavua mgongo mzima. Zima kabisa, chomoa chaji, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Geuza. Diski ina kifuniko chake cha pembeni kinachoshikiliwa na skrubu moja tu, yenye mfereji mpana unaofunguka hata kwa sarafu. Nilimpa ya shilingi mia. Kifuniko kikatoka, pakaonekana kiulimi cha plastiki. Ukikivuta taratibu hadidiski inateleza nje kama droo, ikiwa imevaa fremu ya bati na mipira miwili ubavuni. Skrubu nne, fremu ikatoka, SSD ikavaa fremu ile ile. Akaipima mkononi, akaniuliza kama kweli ndani kuna kitu. Ni nyepesi kweli. Unaisukuma ndani mpaka uhisi meno ya plagi yamekamata. Ukilazimisha, basi umeiingiza upande sio. Dell Latitude E6430 ni hivyo hivyo kwa skrubu mbili. Laptopu nyembamba za miaka ya karibuni zinadai uvue mgongo wote, na hapo fundi ana haki ya kulipwa.

Diski ya zamani usiiache imeunganishwa wakati wa kupiga mfumo. Windows ikiona diski mbili inaweza kuweka mafaili kwenye mpya na kiwashio kwenye ya zamani. Inawaka vizuri, unafurahi, siku ukiichomoa ya zamani inakufa.

Ukibonyeza F12 unapata orodha ya pa kuwashia. Kwenye Dell ni F12 pia, kwenye HP ni F9. Chagua flashi. Wakikuuliza ufunguo, kuna maandishi madogo chini yanayosema huna. Bonyeza hapo, usihangaike. Swali muhimu ni linalofuata, ambalo watu hulipita mbio: toleo gani? Kama ya zamani ilikuwa Pro, chagua Pro. Kama ilikuwa Home, chagua Home. Leseni yako kwenye seva inajua toleo lake, na ukichagua jingine haikutambui, halafu unaanza kusema Microsoft wamekudhulumu. Diski mpya itaonekana kama nafasi moja isiyogawanywa. Ichague hivyo hivyo, bonyeza kuendelea, itajigawanya. Ikikosa Wi-Fi baadaye, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti; Windows huiona simu kama waya wa mtandao bila kuwekewa kitu. Dakika chache baada ya kushika mtandao, slmgr /xpr ilitupa jibu lile lile la mwanzo. Mpwa wangu alipiga picha kisanduku hicho.

Lipo swali nisiloweza kuliruka. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane. T430 ni kizazi cha tatu. Zipo njia za kuilazimisha. Kwa mashine ya kuandikia tasnifu sizipendi, kwa sababu hakuna aliyeahidi kwamba sasisho la kesho litaipokea. Microsoft wametoa mwaka mmoja wa ziada wa viraka vya usalama kwa watu binafsi wanaojiandikisha, hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo nafuu ya kweli ni Linux. Linux Mint inakaa kwenye flashi vilevile, inawaka kutoka humo humo bila kugusa diski ili uijaribu kwanza, na haina habari ya ufunguo. Mpwa wangu ana programu ya takwimu ya chuo inayotaka Windows, hivyo tulijiandikisha kwa ule mwaka wa ziada, na Mint ikabaki kwenye flashi ya pili. Aliizungukazunguka jioni nzima. Alichokipenda ni mchezo wa karata.

Sasa mashine inafika kwenye dawati kabla hujakaa vizuri kitini. Jambo la mwisho nililomkagulia ni amri moja: fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Ikijibu 0, Windows inaiarifu SSD mafaili yanapofutwa, nayo inajisafisha, ndivyo inavyotakiwa. Na yale mambo ya kila mwezi "kuidefragi" diski ayasahau. Hapakuwa na mkono wa kusogeza tena.

Ya zamani tuliiandika tarehe kwa kalamu ya maka na kuitia kwenye bahasha. Sikumruhusu aifute kwa mwezi mzima. Kila mara kuna faili mtu anakumbuka wiki ya tatu, na kweli, wiki ya tatu alikumbuka fomu ya mafunzo kwa vitendo iliyokuwa kwenye folda ya vipakuliwa. Tukaichomeka kwa kebo ya USB kuitafuta. Ndipo tukaona patisheni ya pili ambayo hakuwahi kuifungua, na ndani yake folda zenye majina ya watu, majedwali ya mishahara, barua za likizo. Ofisi ile ya ng'ambo ilikuwa imeiuza mashine na wafanyakazi wake ndani.

"Nifungue?" aliuliza.

Tukafungua dirisha jeusi badala yake. diskpart, kisha list disk, kisha tukatazama ukubwa mara mbili ili tusichague SSD kwa bahati mbaya, select disk 1, na clean all. Amri hiyo inaandika sufuri kwenye kila sekta kuanzia ile ya baiti 512 mpaka ya mwisho. Haionyeshi asilimia, haisemi chochote, kialama kinapepesa tu. Kwa GB 500 ilichukua kama saa moja na nusu. Tulikula ubwabwa, na kutoka mezani tuliisikia ikifanya kazi, safari hii bila kurukaruka, mvumo mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo.